Mikaratusi Mitatu ya Bugeshi

Wote mlionipigia simu mmeuliza swali lile lile: picha ya mzee imepatikana? Nikijibu ndiyo nitakuwa nimesema nusu ya kweli, na nikijibu hapana nitakuwa nimesema nusu nyingine. Kwa hiyo leo nimefunga studio mapema, nimekaa niwaandikie yote kwa mpigo, ili kesho anipigie tu mwenye harusi au anayetaka pasipoti saizi. Mambo ya tiketi na mihuri siyagusi.

Kwa wasiomjua baba yangu, alikuwa dereva wa malori, Mwanza hadi Goma, tangu mimi sijui kamera inashikwa upande gani. Safari moja lori lilimharibikia Bugeshi, sehemu ya juu kule Gisenyi, chini ya volkano, alikopanda kuchukua viazi vya kurudi navyo. Akalala kwa wakulima siku kadhaa. Hadithi ya siku hizo imelelewa nyumbani kwetu kama mtoto wa saba: kwamba alfajiri, mashamba yote yakiwa bado giza, mlima Nyiragongo huwaka kileleni peke yake, kisha mwanga hushuka taratibu hadi miguuni, na mbele yake imesimama mikaratusi mitatu, myeusi, imenyooka. Tulimcheka sana. Marehemu mama alikuwa akisema mlima ule hurefuka kila mwaka ukisimuliwa.

Sasa Baba ana presha ya macho. Dawa zinapunguza mwendo wake tu, daktari hakutuficha. Pembeni kote kumeshazima, na katikati pamebaki mahali padogo, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kizingiti cha mlango wetu anakipapasa kwa mguu. Mwezi uliopita alikuja studio, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri hadi mteja wa mwisho alipotoka.

"Neema," akasema, "niletee mlima ule. Na miti yake mitatu. Niuone kabla tundu halijaziba."

Baba hajawahi kuniomba kitu. Nikafunga begi.

Mwanza hadi Rusumo

Nilibeba kamera, lenzi mbili, na stendi yangu ya miguu mitatu ndani ya mfuko mrefu wa khaki. Stendi hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya ziada njia nzima. Gari lilipata pancha kabla ya Nyakanazi, na tukiwa tumekaa kando ya barabara tunangoja, nikaona wingu limepasuka juu ya nyasi na mwanga unamwagika kwa mistari. Nikaisimamisha stendi mbio mbio. Nikapiga mara mbili tu, mwanga ukaondoka. Nilipogeuka, nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja wa pale kijijini na jirani yake, wamesimama kwa heshima wanangoja zamu. Walitaka niwaonyeshe mpaka wa mashamba yao unapita wapi, maana wamegombana tangu masika.

Niliwaeleza kwamba mimi si mpima ardhi, ni mpiga picha. Mzee akaitazama ile miguu mitatu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba serikali siku hizi ina siri nyingi. Nilikula mahindi yake mawili ya kuchoma na pancha ikazibwa.

Lazima niwakirie jambo moja la kazi yangu. Miaka kumi na minne nimepiga picha ndani, ambako mwanga ninautengeneza mwenyewe. Bi harusi akiwa na kivuli puani, nasogeza taa. Pale barabarani nilijiona mjinga kwelikweli, kwa sababu ulipoondoka ule mwanga mkono wangu ulinyooka wenyewe kutafuta swichi.

Kigali hadi Gisenyi

Kutoka Kigali nilikaa dirishani makusudi. Dada aliyekaa pembeni yangu alisinzia begani kwangu kuanzia kona ya kwanza hadi Musanze, na kila nilipotaka kuinua kamera nilimwonea huruma. Kwa hiyo vilima vyote vile, na makinga maji yake, na moshi wa asubuhi uliokuwa ukipanda kutoka jikoni mwa watu, vimo kichwani mwangu tu. Musanze akaamka, akaomba radhi, akaninunulia sambusa. Volkano zenyewe hazikuonekana. Palikuwa na ukuta wa kijivu, na watu wananyoosha vidole kwenye kijivu hicho wakitaja majina ya milima.

Gisenyi nilifikia kwa Mama Solange, ndugu wa jirani yetu wa Mwanza. Ni mwanamke mpana, mcheshi, anayeimba kwaya Jumapili na kumpelekea kaka yake Mwislamu wa Goma sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, za kufuturia mwezi wa Ramadhani ukifika. Kila siku anavuka mpaka kwa miguu na vitunguu na nyanya, na alasiri anarudi na vitenge. Kanisa, msikiti, nchi mbili, yeye anavipita vyote na beseni lile lile kichwani.

Jioni ya kwanza alinitengea sambaza za kukaanga, na lenga-lenga ambazo nyumbani tunaziita mchicha, na birayi, ambavyo ni viazi. Nikamwambia nimeshiba. Akaisogeza sahani karibu zaidi. "Kula, dada," akasema. "Mutu ya njaa hawezi kuona mulima."

Nilipomtajia mikaratusi mitatu aliijua papo hapo. Huchukua viazi huko. Iko ukingoni mwa shamba la mkulima mmoja, Anastase, akaniambia, na Anastase huyo hushuka sokoni Mahoko siku za soko. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Siku tatu za mawingu

Asubuhi ya kwanza, mawingu. Ya pili, mawingu na mvua. Ya tatu mawingu yalikaa juu ya paa la jirani kana kwamba yamepanga chumba. Kupanda Bugeshi katika hali ile, Mama Solange alinikataza kabisa, na motari wake, kijana mpole wa bodaboda aitwaye Faustin, akaongeza kwamba huko juu hata pikipiki yake mwenyewe huwa haioni.

Basi nikajifunza ziwa. Ziwa Kivu lina tabia ambayo sikuitegemea. Asubuhi lilikuwa rangi ya bati, saa nne likawa kijani, mvua ilipokaribia likageuka zambarau upande mmoja tu, na mstari uliogawa rangi hizo ukawa unatembea kuja kwangu. Nilipiga picha nyingi, zote butu. Siku ya tatu ndipo nikaelewa kosa langu: nilikuwa napiga vitu, yaani mtumbwi, jiwe, mtende, wakati kilichokuwa kikibadilika ni kile kilichoviangukia. Nikaacha stendi mahali pamoja, nikaelekeza lenzi upande mmoja, nikangoja. Bwana mmoja aliyevaa tai alisimama nami karibu robo saa, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja mwanga. Akatazama juu, akasema kwa huruma ya kweli kwamba mwanga si uko hapa hapa.

Katika siku hizo nikajitia kuokota maneno. Mama Solange akisimulia mambo yake husema "ejo": ejo nilivuka mara mbili, ejo nyanya zilikuwa bei mbaya, ejo mvua ilininyeshea barrière, pale mpakani. Nikaandika kwenye daftari langu: ejo, jana. Nikajisifu kwamba kichwa bado kinashika. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa gizani na taa ya kujivunia mkononi.

Mahoko

Siku ya nne Mama Solange alikuwa Goma, lakini ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo Faustin akanipeleka Mahoko. Alinionyesha Anastase kwa mbali, kisha akaenda kujaza upepo. Nilimkuta kati ya magunia ya viazi, mtu mwembamba, umri kama wangu, koti la suti limemfika magotini na gambuti za kijani miguuni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kinyarwanda changu ni neno moja. Tulisalimiana muda mrefu.

Nikamchorea mlima kwenye daftari, na miti mitatu. Uso wake ukafunguka. Akaigusa miti kwa kidole, kisha akapiga kiganja kwa ubavu wa mkono wa pili, kama shoka.

"Miti? Kukata," akasema. "Ejo asubuhi. Ya nyumba ya mutoto yangu."

"Ejo?"

"Ejo, ejo. Kuya uone."

Miaka yote ile imesimama, na imekatwa jana, mimi nikiwa ziwani nasubiri zambarau. Na huyu mtu mwema ananialika nikaone nini, visiki? Nilimshika mkono, nikampa pole, naye akanishukuru kwa mshangao kidogo. Nilimwambia Faustin turudi. Sikumweleza kitu, maana nilijua nikifungua mdomo nitalia, na motari hapaswi kubeba abiria anayelia kwenye ule mteremko.

Kesho yake nikaamka, nikafungua dirisha, na Nyiragongo alikuwa pale. Mzima. Hakuna hata pamba moja ya wingu, mlima umesimama juu ya mji kama mtu aliyekuja usiku akakuta mlango umefungwa akakaa nje kungoja. Kileleni palikuwa na waridi, waridi lenyewe, na lilikuwa linashuka. Kwa hiyo Baba hakuongopa. Nilisimama na kanga yangu, nikamwomba radhi kimoyomoyo kwa vicheko vyote vya miaka ile.

Halafu, kwa kuwa miti haikuwepo tena, sikuona sababu ya kuhangaika kupanda. Nikashuka ziwani. Nikapiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, maji yakiwa ya dhahabu hadi miguuni pangu, na nikajitahidi kufurahi. Nikawaza kwamba Baba nitamwambia miti ilikufa zamani. Uongo mdogo kwa mgonjwa.

Jioni Mama Solange akarudi, akatua beseni, akaniuliza kama nimewahi.

"Kuwahi nini?"

"Si Anastase anakata miti leo? Faustin ananiambia watu ya Mahoko walisikia aliku-invitée kwenda kuona."

Nikamwambia hapana, ilikatwa juzi, aliniambia mwenyewe, ejo. Mama Solange akanitazama. Akakaa chini polepole kwenye kigoda.

"Dada," akasema, "ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Neno ni moja. Unasikiliza mutu anaongea nini, njo unajua."

Basi mnaelewa. Asubuhi ile, mlima ukiwa wazi kwa mara ya kwanza tangu nifike, mwanga ukishuka vile vile kama katika hadithi, mikaratusi mitatu ilikuwa imesimama mbele yake. Ilisimama hadi saa tatu. Na mimi nilikuwa chini kabisa, mwendo wa saa nzima kutoka hapo, napiga picha maji. Nililia pale pale, mtu mzima, na Mama Solange akanisogezea sahani kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kunisogezea.

Bugeshi

Kesho yake nilipanda hata hivyo. Mama Solange alinilazimisha, akasema Anastase anangoja mgeni na mgeni hajafika, ni aibu. Tulipita Kanzenze, njia ikazidi kuwa nyembamba na baridi ikazidi kuingia mikononi, na Faustin akanivulia glavu zake bila kuulizwa. Pande zote mbili palikuwa na viazi vilivyochanua, ng'ombe, kuta za mawe meusi ya volkano.

Harufu ilitufikia kabla ya boma. Mnajua harufu ya mkaratusi uliokatwa, ile ya dawa ya kifua. Visiki vitatu vilikuwa bado vinatoa maji. Magogo yamelala yamechunwa magome, vilele vyake na majani yake vimerundikwa pembeni, na mbele hakuna kitu, wingu tu. Nilipoisimamisha stendi ili nipime tu mahali, wanawake waliokuwa wanapalilia wakaacha majembe wakaja. Mmoja akamuuliza Anastase jambo, sauti imekaza. Nilijua ni nini kabla ya kutafsiriwa: wanaogopa nimekuja kupima ardhi.

Safari hii kulikuwa na mtu wa kunisemea. Faustin akawaeleza yote, nami nilifuata mikono yake: dereva wa lori, macho, tundu la ufunguo, mlima, miti mitatu. Alipofika kwenye ejo nilijua pia, kwa sababu mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Lakini hawakunicheka. Yule aliyekuwa amekaza sauti akanishika mkono, hakuuachia kwa muda. Anastase alikuwa amejiinamia akitazama gambuti zake.

"Ungeniambia," akasema kupitia kwa Faustin, "ningengoja. Paa lingeweza kungoja wiki moja."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko visiki.

Wakaninyima ruhusa ya kurudi mjini. Nilikula birayi vya kuchomwa kwenye majivu, na maziwa, na usiku nikalala na binti wawili wa Anastase chini ya mablanketi matatu. Kabla hatujalala Anastase aliniambia, Faustin akitafsiri, kwamba hata hiyo miti baba yangu asingeijua. Baba yake aliikata mara moja, yeye ameikata sasa, na kila mara hutoka upya kwenye kisiki kile kile.

Alfajiri nilitoka peke yangu, bado giza. Wingu lilikuwa limeshuka bondeni, na juu yake palikuwa wazi. Nilifunga kamera kwenye stendi vidole vikiwa havina hisia. Nikasikia watu nyuma yangu. Anastase, mke wake, na yule mama wa sauti iliyokaza walikuwa wanakuja, kila mmoja amekumbatia kilele cha mkaratusi chenye majani yake, kirefu kama mara mbili ya mtu, kinaburuza umande.

"Kama lazima miti ikuwe tatu," akasema Anastase, "tutasimama."

Nilitaka kukataa. Kazi yangu ya studio ni hiyo, kuwawekea watu maua ya plastiki nyuma yao, na nilikuwa nimeapa mlima huu nitampelekea Baba jinsi ulivyo. Lakini kilele kilianza kupata rangi. Hapakuwa na muda wa kuapa. Nikawaonyesha kwa mikono: wewe sogea, wewe rudi, inua. Wakasimama kila mmoja kwenye kisiki chake, wamejificha nyuma ya majani, wameganda. Waridi likaja, likawa chungwa, likaanza kushuka, na mbele yake miti mitatu, myeusi, iliyokuwa ikipumua. Ilidumu pengine dakika nne. Nilikuwa nalia na kupiga, kupiga na kulia, na mkono wangu haukutafuta swichi.

Jua lilipofika shambani Anastase akatua mti wake akaniuliza kama umekaa vizuri. Mke wake alikuwa amejaa majani kwenye nywele.

Mwanza

Nilichapa picha nikaipeleka nyumbani bila fremu. Baba alikuwa amekaa dirishani, ambako mwanga wa asubuhi huingia wenyewe. Nilitaka kwanza aone.

Hawezi kuona picha nzima kwa mara moja. Aliishika kwa mikono miwili karibu na uso, akawa anaisogeza polepole mbele ya tundu lake. Akaanza kileleni. Alikaa kileleni muda mrefu sana. Akashuka na mwanga, hatua kwa hatua, kama ushukavyo wenyewe. Akaingia kwenye mti wa kwanza, majani, akateremka na shina. Akasimama. Akarudi juu, akateremka tena.

"Neema," akasema, "mti huu umevaa gambuti."

Nikamweleza yote. Mahoko, shoka la mkono, ejo, ile asubuhi niliyoipotezea ziwani. Nilimwomba msamaha. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani nimemuumiza, kumbe anacheka, hadi ikabidi aiweke picha mapajani.

"Mimi je, unadhani nilikaaje Bugeshi?" akasema. "Fundi aliniambia spea ni ejo. Nikangoja kesho. Spea ilikuwa imefika jana yake, imekaa Mahoko siku nane, na mimi kila alfajiri natoka nje kuangalia kama inakuja."

Hilo hakuwahi kutusimulia. Alituambia mlima tu, aibu akaimeza.

Akaichukua tena picha, akaizungusha, akawatafuta wale wawili waliobaki nyuma ya majani, akawapata, mkono mmoja na kipande cha kanga. Akauliza majina yao nikamtajia. Kisha macho yakachoka, ndivyo yanavyofanya sasa, yakaanza kutoa machozi yenyewe. Akanirudishia, akaniomba niibandike hapo hapo karibu na dirisha.

"Nitaiangalia tena ejo," akasema.

Nilibandika kona nne, moja baada ya nyingine, nikimwomba Mungu awe amesema kesho.